Aliyeifuta Laptopu ya Mama Kaburi

Watu wengine wakiingiliwa na mwizi hukuta kabati wazi, nguo chini na nyayo za matope sakafuni. Mama Kaburi alikuta usafi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Aliketi kwenye meza yake ya kazi sebuleni, akafunua laptopu, akaweka viganja pale vinapokaa siku zote, na viganja vikateleza. Kwa miaka sita sehemu ile ilikuwa na utando wa mafuta, kwa sababu kila alfajiri alipaka vidole mafuta ya mgando ili viungo vilainike kabla ya kuanza kuchapa. Plastiki ya kijivu ilishageuka kahawia, na kwenye kona ya kushoto kulikuwa na doa la chai alilolijua kuliko pua yake mwenyewe. Sasa doa halikuwepo. Hata ule uchafu mweusi uliojaa kwenye bawaba za kifuniko ulikuwa umeondolewa.

"Nani ameigusa mashine yangu?" aliuliza kwa nguvu.

Mkamwana wake alichungulia kutoka jikoni, mikono imejaa maharage aliyokuwa akichambua. Midomo yake ikacheza.

"Sema vizuri!"

"Nimesema shikamoo, mama."

Hapo hapo Mama Kaburi akajua kuna jambo. Mtu ukimuuliza swali akakujibu kwa salamu, huyo ana lake. Na binti huyu tangu aolewe, miezi minane sasa, alikuwa wa kunong'ona tu. Akiombwa chumvi ananong'ona, akiulizwa nani kabisha hodi ananong'ona. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mama Kaburi alikuwa akiungoja mshindo huo tangu siku begi la bibi harusi lilipoingia mlangoni.

Jina la Kaburi hakupewa na wazazi wake, alipewa na mawakili. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiwachapia watu nyaraka zao: wosia, talaka, mikataba, barua za kuwakana watoto na barua za kuwaomba warudi. Siri ikiingia kwake haitoki, ndiyo maana wakamwita hivyo, naye akalipenda jina hilo kama wengine wanavyopenda dhahabu. Marehemu mumewe alimbembeleza miaka yote amwambie jirani fulani ameiacha nyumba yake kwa nani, na akafa bila kuambiwa. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori la safari ndefu, hakuwahi hata kuuliza. Alijua mama yake.

Kuhusu kuigusa mashine, amri ilikuwa moja: asiiguse mtu. Laptopu yake ya kwanza Mama Kaburi aliiua kwa mkono wake mwenyewe. Aliifuta kwa kitambaa cha jikoni kinachochuruzika maji, tena ikiwa imewashwa. Ikalia kama panya aliyebanwa, skrini ikaingia giza, na fundi alipoifungua maji yalimwagika mezani. Tangu siku ile alikuwa na imani yake: uchafu haujawahi kuua kompyuta, wanaoua ni wasafishaji.

Saa nne akaja wakili.

Wakili huyu ndiye aliyebaki. Wenzake wote siku hizi wanachapa wenyewe, au wana vijana wa ofisini. Yeye peke yake ndiye aliyeendelea kuleta majalada yake pale, kwa sababu ya lile jina. Kwa kawaida angeketi, akanywa chai, akasimulia habari za mahakamani. Siku hiyo alisimama.

"Mama, ule wosia wa mzee wa kiwanda cha mikate."

"Niliuchapa Alhamisi, Ijumaa nikakukabidhi."

Wakili akasema kitu akiwa ameinamisha kichwa. Ikabidi Mama Kaburi amwombe arudie. Tangu lini wakili naye akazungumza na tai yake?

"Nimesema watoto wake walikuja ofisini kwangu Jumamosi! Wanajua nyumba anaachiwa dada yao. Walinitajia kifungu cha nne, neno kwa neno, na mzee hata sahihi hajatia. Wanataka kumshtaki baba yao kuwa amerukwa na akili. Sasa niambie. Anajua yeye, najua mimi, na unajua wewe."

Mama Kaburi alifunga laptopu. "Miaka thelathini na moja," alisema.

"Ndiyo maana nakupa mpaka Ijumaa. Ama utakuwa umeliona tundu linalovuja, ama nakusanya majalada yangu yote naondoka. Siwezi kuendelea kukuita Kaburi wakati maiti wanatoka wanatembea mitaani."

Alipoondoka, Mama Kaburi alibaki ameitazama laptopu iliyotakata. Hakuhitaji kwenda kwa mganga. Nani hufuta vitu? Hufuta yule anayeogopa kuacha alama za vidole. Mtu alikuwa ameifungua, amesoma, halafu akapangusa mpaka mashine ikang'aa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa jikoni ikichambua maharage.

Akaanza kuukusanya ushahidi kichwani, na ushahidi ukamjia wenyewe. Redio kwanza. Kila siku akianza kuchapa, mkamwana hupandisha redio ya jikoni mpaka vikombe vinatetemeka. Alishamkaripia mara nyingi. Binti hupunguza, na baada ya dakika tano imepanda tena. Mtu wa namna hiyo anaficha mazungumzo ya simu. La pili ni mazoea yake na fundi cherehani wa jirani, ambaye karakana yake na sebule ya Mama Kaburi zimetenganishwa na ukuta mwembamba wenye matundu ya hewa juu. Mara tatu Mama Kaburi aliwakuta wakizungumza kibarazani, binti akimwonyesha fundi kwa kidole juu ya ule ukuta, na wote wawili wakanyamaza walipomwona. Fundi mwenyewe hakumshuku. Fundi alikuwa jirani mwema na mwenye adabu. Mama Kaburi akianza kuchapa tu, cherehani ya fundi husimama, na meza iliyokuwa ikitetemeka inatulia. Wangapi siku hizi wanaheshimu kazi ya mwenzao kiasi hicho?

Jioni ile akatega. Aling'oa unywele wake mmoja mweupe, akaulaza juu ya kifuniko cha laptopu, akaubandika kwa mate ya ncha ya ulimi. Akanyunyiza poda kidogo, ya kutosha kuonwa na jicho la mchapaji tu, kwenye pembe ya chini. Kisha akabadilisha neno la siri. La zamani lilikuwa jina la mumewe, na jina la mumewe linajulikana na kila mtu. Jipya halikuwa la mtu yeyote, na hatulisemi hapa.

Jumanne alipoamka kutoka usingizi wake wa mchana, unywele ulikuwa umeondoka, poda imeondoka, na kifuniko kinang'aa. Nembo iliyokuwa imefunikwa na uchafu kwa miaka ikawa inamwangalia. Jumatano mchana ilikuwa zamu ya vitufe. Herufi A, iliyokuwa imefutika chini ya mafuta, ilijitokeza upya kama mgonjwa aliyepona. Mwizi gani huyu anayeiba kwa mafungu? Lakini Mama Kaburi alikuwa na jibu la hilo pia: mwizi mwenye subira. Alitaka kumshika shingo siku ile ile, akajizuia. Siku za mwizi ni arobaini, na yeye alitaka amkute na mkono ndani ya chungu. Moyoni alishaanza kumtungia mwanawe barua.

Alhamisi alikula chakula cha mchana, akapiga miayo miwili mikubwa, akaaga kuwa anakwenda kujilaza. Chumba chake kilifunguka sebuleni, na mlangoni palikuwa na pazia tu. Alikaa kitandani, akakoroma. Alikoroma kwa ustadi, akiweka vituo na miluzi, huku akisogea hatua kwa hatua mpaka nyuma ya pazia. Akafungua upenyo wa kutosha jicho moja. Magoti yalimuuma na kukoroma ukiwa umesimama si kazi ndogo, lakini alivumilia.

Mkamwana akaingia na sinia. Kwenye sinia palikuwa na kikombe cha maji, vitambaa vitatu vilivyokunjwa, vijiti vya pamba vya kusafishia masikio, gazeti la zamani na brashi ndogo ya kupakia rangi, laini, isiyowahi kuguswa na rangi. Akaviweka sakafuni, mbali na meza.

Sasa atawasha, Mama Kaburi akawaza. Washa, mwanangu, tukumalize.

Binti hakuwasha. Alichomoa waya wa chaji ukutani, akauchomoa na kwenye mashine. Akaipindua laptopu juu ya taulo, akasukuma vifungo viwili kwa vidole gumba, na betri ikatoka kama jino. Akaiweka betri mwisho wa meza. Kisha akaisimamisha mashine kwa ubavu, akapitisha brashi kwenye matundu ya hewa na katikati ya vitufe, na vumbi na makombo ya miaka sita vikaanguka kwenye gazeti.

Alidondosha tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe. Tone moja. Akachovya ncha ya kitambaa, akakikamua, akakikamua tena, halafu akakibandika kwenye gazeti na kuangalia. Gazeti likaonyesha unyevu. Akarudi kukamua. Mara ya tatu gazeti lilibaki kavu, na hapo ndipo akaanza kupangusa tumbo la laptopu, upande wa chini, sehemu iliyokuwa imebaki. Alianza na pembe moja iliyojificha, akangoja kuona plastiki itasemaje, ndipo akaendelea. Kila alipokaribia tundu mkono wake uligeuka ukavutia nje, usisukume kitu ndani. Kwenye mifereji alitumia kijiti cha pamba, akikizungusha polepole kama anayesafisha sikio la mtoto mchanga. Kitambaa cha pili, cha maji matupu, kiliondoa sabuni. Cha tatu kilikuwa kikavu.

Mama Kaburi alisahau kukoroma.

Mkamwana aligeuka. Pazia lilikuwa na miguu.

"Umefungua nini humo?" Mama Kaburi alitoka kwa kishindo. "Nimekuona! Siku nne nakutazama!"

Binti alisimama na kitambaa mkononi. Akaonyesha betri mwisho wa meza.

"Imezimwa, mama. Haina hata betri. Ningesoma nini?"

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Kaburi lilimuudhi kuliko uongo. "Nani kakufundisha haya?"

"Kabla ya kuolewa nilikuwa kwenye duka la kompyuta zilizotumika. Kazi yangu ilikuwa hii tu, kuzisafisha zipate wanunuzi. Wengine walitumia dawa ya kuondolea rangi ya kucha, plastiki ikabaki na mabaka, lakini tajiri wangu akanifundisha maji na sabuni." Akameza mate. "Mwezi uliopita wakili aliweka mkono hapa kwenye mashine yako, halafu nikamwona anajifuta kwa leso chini ya meza. Niliona aibu, mama. Nikaogopa kukuomba, kwa sababu ya ile amri. Nikaona nisafishe kidogo kidogo, labda hutagundua."

"Kwa hiyo ukafanya kwa siri. Na mtu wa siri moja ana ya pili. Nani anatoa maneno yangu nje?"

Mkamwana akatazama sakafu. Midomo ikacheza.

"Sema!"

"Ni wewe, mama."

Kofi lilifika nusu ya njia, likarudi.

"Unasoma kwa sauti," binti alisema haraka, sasa akipaza kidogo. "Ukichapa, unatamka. Kila neno. Mwanzo nilidhani unajua. Ndiyo maana naweka redio. Nimemwomba fundi azibe yale matundu ya hewa, ananiambia kesho, kesho. Wateja wake wanakaa pale kwenye benchi wanasikia. Watoto wa mzee wa mikate, yeye ndiye anayewashonea suti."

Mama Kaburi alicheka, kicheko cha kumdharau mtu. Ni kweli kwamba kwenye chuo cha uchapaji walifundishwa kutamka neno kidole kinapoliandika, ili jicho lisiruke mstari. Na ni kweli kwamba aliifuata kanuni hiyo maisha yake yote. Lakini ilikuwa ni pumzi tu! Miaka yote aliyotumia taipureta, katika chumba cha wachapaji ishirini, hakuna aliyewahi kumsikia. Alisahau kuhesabu kwamba taipureta hupiga kelele na laptopu haipigi, na masikio ya ujana hayakuwa haya. Hakuhesabu kwa sababu hakutaka. Ni rahisi zaidi dunia nzima kuanza kunong'ona siku moja kuliko mtu mmoja kuanza kuwa kiziwi.

"Vizuri," alisema. "Nitaandika jambo ambalo halijui mtu yeyote chini ya jua. Wewe nenda kakae kwenye benchi la fundi. Ukirudi uniambie nimeandika nini. Ukishindwa, usiku huu unafunga mizigo."

"Sawa, mama. Lakini ikauke kwanza."

"Nini?"

"Robo saa. Tukirudisha betri mashine ikiwa na unyevu, itaharibika."

Basi wakakaa. Huyu upande huu wa meza, huyu upande ule, laptopu katikati yao imelala chali kwenye taulo. Mama Kaburi alikuwa akimpiga jicho la pembe akitafuta hila: labda kuna simu imefichwa, labda wamekula njama na fundi. Akainuka, akaikuta simu ya binti jikoni, akaifungia kabatini. Binti alikuwa akiangalia saa ya ukutani. Ilipotimia alipapasa plastiki kwa mgongo wa mkono, akarudisha betri, akatoka nje.

Mama Kaburi akafunga mlango. Akaandika neno la siri, akafungua ukurasa mweupe. Alibana midomo kwa makusudi. Mstari wa kwanza ulijaa makosa, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutembea bila ulimi kuvitangulia. Akaufuta. Mstari wa pili ukaenda vizuri, na wa tatu ukaenda mbio, kwa kuwa ilikuwa ile barua aliyokuwa akiitunga moyoni. Katikati alisimama, akasikiliza. Kimya. Hakukuwa na sauti yoyote chumbani. Meza ilikuwa imetulia. Akatabasamu, akaandika mpaka mwisho, akafunga kifuniko na kwenda kufungua mlango.

Mkamwana alikuwa amesimama kizingitini. Hakuingia.

"Haya. Umesikia nini?"

Midomo ikacheza.

"Sikusikii."

Ikacheza tena, na safari hii machozi yalikuwa yameanza kushuka.

"Paza sauti, binti! Kama umesikia, sema!"

Mkamwana akainua uso. Alisema kwa sauti ambayo Mama Kaburi hakuwahi kuisikia kutoka kwake, sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara:

"Mwanangu mpenzi, koma, mke uliyeniletea ni mwizi. Nukta. Kaiba jina langu na sasa anataka nyumba. Nukta. Kwa miezi minane sijampenda hata siku moja, koma, na ukirudi safari hii mrudishe kwao kabla hajatumaliza. Nukta. Mama yako."

Hakuacha hata koma.

Mama Kaburi akashika mlango. Aibu aliyoiona haikuwa na mahali pa kwenda. Aliona wosia wa mzee wa mikate, na talaka za nyuma yake, na barua za watu waliomwamini kwa miaka ambayo hakujua ni mingapi, zote zimesomwa kwa sauti yake mwenyewe kwenye benchi la cherehani. Kesho wakili atakuja, na itabidi amwambie tundu ameliona, na tundu ni mdomo wake. Hilo angeweza kulisema. Lakini huyu mtoto aliyesimama mbele yake alikuwa amemfunika kwa redio na kumtolea uchafu wake kwa kijiti cha pamba, na amelazimishwa kulitamka tusi alilotukanwa mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza hazikusikika.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. Alidhani amesema polepole.

Mkamwana alikuwa amegeuza shingo kuelekea ukutani, kama mtu anayeitwa.

"Kuna nini? Anasemaje?"

Binti akaingia ndani. Akaja karibu, akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwa mama mkwe wake.

"Fundi anasema na yeye umsamehe."

"Na wewe?"

Mkamwana alijifuta macho kwa kile kitambaa kikavu.

"Mimi bado, mama," alisema, na safari hii Mama Kaburi alisikia mara ya kwanza.